Namna ya kukumbuka majina ya watu harusini, kwenye khitma na barazani

Ikiingia Mfunguo Mosi harusi zinafunguka na mie naanza kuulizwa suali lile lile. Bi harusi katolewa Unguja kapelekwa Wete, kaoneshwa ukoo mzima kwa siku moja, ananiuliza dada hawa wote nitawajuaje? Kijana kahamishiwa skuli ya Chake, wiki ya tatu hii bado walimu wenzake wote anawaita "maalim" tu mana jina la mtu halijui. Mama ana genge Mwanakwerekwe, wateja wanamwita kwa jina lake na yeye hawajui. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nkaona bora niandike yote pahala pamoja, na wewe ukiulizwa na mwenzio umpe hii.

Nadharia nitakupa moja tu hapa mwanzo. Karibu kila anoniambia "kichwa changu hakishiki majina" kichwa chake kizima kabisa, ila jina halikuingia. Wakati anatajiwa alikuwa anashika mkono, anajibu salamu, anatafuta pa kukaa, anaiwaza nguo yake imekaaje. Sasa kitu hukukipokea utakisahau vipi? Kwa hivo nusu ya kazi iko kwenye zile sekunde chache za mwanzo na nusu nyengine iko njiani ukishaondoka, na hii ya pili ndo watu hawaifanyi kabisa.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Mwenyeji wako mmoja. Wifi, shemegi, jirani, yeyote anoujua ukoo ule au mtaa ule na ambae huoni haya kumuuliza kitu mara tatu. Huyu ni muhimu kuliko vyote.
- Daftari dogo, au andika kwenye simu, lakini ni la kutumia nyumbani, sio mbele za watu.
- Simu yenyewe iwe mkobani na sauti umeizima.
- Dakika tano za usiku kabla hujalala.
- Idadi. Amua kabla hujatoka nyumbani kwamba leo nataka watu wanne, basi.

Hio idadi watu hunibishia sana. Zamani ilikuwa inasemwa kichwa kinabeba vitu saba kwa mara moja, George Miller aliandika hivo mwaka 1956, lakini baadae, mwaka 2001, Nelson Cowan akapitia majaribio mengi akasema ukiondoa ujanja wa kurudiarudia na kuunganisha vitu, idadi yenyewe ni kama vinne. Na sie tunampeleka bi harusi mbele ya watu sitini halafu kesho tunamwambia hana adabu hawajui watu! Si haki. Chukua wanne leo, wanne siku ya pili, mwezi ukiisha ukoo umeshauweka mkononi.

HATUA

1. Uliza kabla ya kwenda. Kaa na mwenyeji wako umuulize nani na nani watakuwepo, nani mkubwa wao, nani ukimkosea itakuwa habari. Jina ulosikia jana ukilisikia tena leo linakuta pa kukaa, mtu anakuwa kama ulishaonana nae nusu. Waulizie hasa wale wanne wako.

2. Chagua pahala pa kukutana na mtu. Harusini usitajiwe jina la mtu chini ya spika ya kidumbaki halafu ukatarajia utalishika. Kichwa kinaweza kufuata sauti moja katikati ya makelele, hili Colin Cherry wa Uingereza alilipima mwaka 1953, lakini kinachosemwa upande mwengine kinapita hivi hivi bila kuingia. Kinachokatiza mara nyengine ni jina lako mwenyewe: Neville Moray mwaka 1959 aliona kama thuluthi ya watu walilisikia jina lao kwenye sikio ambalo hawakuwa wanalisikiliza. Ndo mana upo na mtu anakueleza jambo, nyuma huko wakataja jina lako, umeshampoteza. Basi ukitaka kumjua mtu msogeze ukumbini pembeni, au msubiri nje wakati wa kuvaa viatu, pale pana utulivu na watu wanasema vizuri.

3. Jina likitajwa, nyamaza ndani. Yaani mdomo uendelee lakini mawazo yaache yote, lisikilize lile jina moja tu. Kama hukulipata uliza pale pale: "Samahani mama, jina sijalipata vizuri." Dakika ya kwanza suali hili ni heshima, mtu anafurahi. Wiki ya pili linakuwa zito kidogo, na mwaka wa pili halisemeki tena.

4. Litie jina ndani ya salamu. Hii naiombea uisome mara mbili. Salamu zetu ni ndefu, tunaulizana hali, watoto, waliobaki nyumbani, wa shamba, za masiku, na zote hizo tunazijibu kwa mazoea, mdomo unakwenda wenyewe. Mwaka 1959 huko Marekani Lloyd Peterson na Margaret Peterson waliwapa watu herufi tatu tu wazishike, halafu wakawahesabisha namba kwa kurudi nyuma tatu tatu ili wasipate nafasi ya kuzirudia moyoni. Zikifika sekunde 18 herufi karibu zote zishapotea. Herufi tatu! Sasa zihesabu salamu zetu uone, sekunde 18 zinapita ukiwa bado uko kwa watoto hawajambo. Salamu ndo inayolisukuma jina nje, usipolishika kwa makusudi.

Dawa ni kulirudia humo humo:

"Huyu ni Bi Zuhura, dada yake mavyaako."
"Shkamoo Bi Zuhura."
"Marahaba mwanangu, wa huko Unguja hawajambo?"
"Hawajambo alhamdulillah. Na nyie Bi Zuhura, nyote wazima?"

Mara mbili inatosha, ukizidisha inakuwa kama unamsomea mahakamani. Na ikiwa kwa umri wake sio adabu wewe kumtaja jina, mdomoni sema "mama mkubwa" na moyoni malizia "Zuhura". Hata ukilisema kimya linasaidia, kinachotakiwa ni kulitoa.

5. Mfunge kwenye kitu. Jina peke yake linateleza, halina mkono wala mguu. Kuna majaribio ya Uingereza ya mwaka 1987, watu walioneshwa sura na wakaambiwa neno, wengine wakaambiwa huyu anaitwa Baker, wengine wakaambiwa huyu ni muoka mikate, ambayo kwa Kiingereza ni neno lile lile moja. Kazi ilikumbukwa vizuri kuliko jina. Ukisikia muoka mikate unaona tanuri, unga, unasikia harufu ya boflo la asubuhi, ukisikia jina huoni kitu.

Sie tuna bahati, majina yetu mengi yana kitu ndani yake, usiyapitie juu juu. Tatu, ni wa tatu kwao? Muulize. Mwanaidi kazaliwa Idi. Khamis na Juma ni siku. Subira, Salama, Rahma yote yanasema. Zuhura ni nyota. Ukipata jina halikuambii kitu mfunge na jambo alokwambia mwenyewe: Makame anofuga kuku, Faki wa boti. Kitu cha kweli kutoka kwake kinashika kuliko kitu ulichobuni.

Angalizo: usimfunge mtu na nguo. Harusini wamevaa sare, khitmani wote buibui, msikitini wote kanzu na kofia, kesho hio alama haipo tena. Angalia uso, mwanya, namna anavocheka, na kama kajifunika uso basi sauti, mikono, mwendo. Daniel Simons na Daniel Levin mwaka 1998 walifanya hivi: mtu anamsimamisha mpita njia kumuuliza njia, katikati ya mazungumzo wanapita watu wamebeba mlango baina yao, na nyuma ya mlango yule muulizaji anabadilishwa na mtu mwengine kabisa. Kama nusu ya wapita njia hawakugundua. Walichokipokea ni "mtu anauliza njia" basi. Na wewe ukimpokea mtu kama "mama mmoja wa buibui" umeshampoteza hapo hapo.

6. Mueke kwao. Mgeni wa bara anashangaa kwa nini kitu cha pili tunachouliza ni "wewe mtoto wa nani?" Kwa kazi hii lile suali ni dhahabu. Majina ni machache kwetu, barazani pamoja unaweza ukawa na Ali watatu na Fatma wanne, kwa hivo jina moja halitoshi, chukua matatu kama tunavoandikishwa skuli: lake, la baba, la babu. Halafu na pahala. Ali Juma Haji wa Jadida, Ali Juma Bakar wa Limbani. Uliza kwa upole, "Nyie ni wa Limbani kule kwa kina nani?" na mtu atakufungulia ukoo wake wote, na kila anachokwambia ni kamba moja zaidi inayomfunga kichwani mwako. Ukishajua huyu ni mtoto wa ami yake mume wako, na kaolewa mtaa mmoja na mwenyeji wako, basi huyo hapotei.

7. Mkikaa duara mnajitambulisha mmoja mmoja, tayarisha maneno yako mapema. Semina, kikao cha wazazi, ushirika wa wakulima wa mwani, kote ni hivi hivi, na kila mtu anamsahau yule yule: aliezungumza kabla yake. Malcolm Brenner alilionesha hili mwaka 1973. Zamu ikikaribia unakaririsha utasema nini, masikio yanafunga. Kwa hivo ukikaa tu jiamulie sentensi yako, iweke, usiiguse tena, sikiliza wengine. Na mkimaliza, alietangulia kabla yako muulize jina lake kwa makusudi, mana lake halimo.

8. Jiulize njiani. Hapa ndo penye kazi na hapa ndo watu wanaponiangusha. Ukitoka tu, ndani ya daladala, funga macho: nani wanne wangu? Usimuulize mwenyeji bado na usiangalie popote, vuta mwenyewe hata kama inauma. Kule kuvuta ndo kunakokaza jina, kusoma orodha tena na tena hakukazi hivo hata kama unajisikia unajua. Halafu tanua nafasi. Thomas Landauer na Robert Bjork mwaka 1978 walijaribu hili kwa majina ya watu hasa wakaona kujiuliza kwa nafasi inayotanuka kunashinda. Mie natumia hivi: ukitoka, kabla ya kulala, kesho asubuhi, baada ya siku tatu, halafu Ijumaa ya pili yake. Kila mara ni dakika moja au mbili tu. Ukikwama hapo sasa muulize mwenyeji, usibahatishe.

Ile ya kabla ya kulala ndo ya kuandika: jina, wa nani, wa wapi, kitu alichokwambia. Mstari mmoja kwa mtu. Andika kwa kukumbuka, halafu ulale, usingizi wenyewe unasaidia kuyatuliza ulojifunza.

9. Litumie mkionana tena, na uongeze lile jambo. "Bi Zuhura, yule mtoto aliekuwa anafanya mtihani kafaulu?" Nakuapia mtu anaweza kukusamehe jina, lakini ukimkumbukia mtoto wake hatokusahau wewe.

MAKOSA NAYOYAONA KILA SIKU

Kujificha nyuma ya "mama", "shemegi", "kaka", "bi mkubwa". Haya ni maneno ya heshima na uyatumie, lakini ukiyatumia ili usilivute jina, basi hutolivuta milele. Hili ndo lilomkuta yule maalim wa Chake. Kila ukisema mdomoni neno la heshima, moyoni weka jina lake.

Kupiga picha ili ukumbuke. Kwanza harusini upande wa wanawake mara nyingi hairuhusiwi na kwa haki kabisa. Pili haikusaidii unavodhani, Linda Henkel mwaka 2014 aliwapeleka watu makumbusho, vitu walivovipiga picha wakavikumbuka kidogo kuliko walivoviangalia tu. Kichwa kinaiachia kamera kazi.

Kuandika mbele za watu. Watadhani unaandikisha.

Kumfunga mtu na kilema chake, au na lakabu usiyopewa ruhusa kuitumia. Ipo siku litakutoka mdomoni mbele ya wanawe.

Kubahatisha jina. Ukimwita Asha "Aisha" mara tatu, lile la makosa linakaa mlangoni na la kweli halipiti. Bora uulize.

UKIKWAMA

Jina liko ulimini halitoki. Roger Brown na David McNeill walilichunguza mwaka 1966, mara nyingi mtu katika hali hio anajua herufi ya mwanzo na silabi ngapi, kwa hivo unacho kipande. Zipitie herufi, a, b, ch, au mtaje baba yake na ndugu zake. Kama linakuja jina jengine lile lile la makosa, acha, zungumza mengine kabisa, litakujia unachambua mchele.

Sura unaijua ila hujui ni ya wapi. Hili lilinikuta mie. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilikuwa bandarini Malindi nasubiri boti, akaja shangazi yake mume wangu mbele yangu, nkamwambia "hujambo mama" kama mtu baki nkageuka zangu. Wiki mbili kabla tulikula sinia moja kwenye khitma kwao Wete. Hakusema kitu, lakini habari ilifika kwa mavyaa kabla sijafika mie, na ilinichukua muda mrefu kuitengeneza. Baadae ndo nkajua ni jambo la watu wote, George Mandler aliliandika mwaka 1980 kwa mfano wa muuza nyama unomkuta ndani ya basi: unamjua, lakini bila ya bucha yake humpati. Na Godden na Baddeley mwaka 1975 waliwajaribu wapiga mbizi, maneno walojifunza chini ya maji waliyakumbuka vizuri wakiwa chini ya maji, walojifunza nchi kavu wakayakumbuka nchi kavu. Pahala panashika nusu ya kumbukumbu. Basi mtu akikuangalia kama anakujua, kabla hujafungua mdomo mpitishe sehemu zako moja moja: dukani? hospitali? skuli ya watoto? khitmani, kaa chini, sinia hili, nani alikuwa mkono wa kulia? Sekunde tano tu, na huku unamshika mkono kwa bashasha.

Mwenyewe anakuuliza "Hunijui mie?" Usiseme "nakujua" halafu ukaomba isiulizwe ya pili. Mpe ulichonacho: "Sura naijua, tulikaa pamoja kwenye khitma, jina ndo limenitoka, nikumbushe." Ukitaja hata pahala tu ameshajua hukumdharau.

Unachanganya wawili, mathalani ndugu wa kike wanaofanana. Usijifunze wote kwa pamoja, mkaze mmoja kwa wiki nzima mpaka anatoka bila kufikiri, ndo umuanze wa pili, na utafute alama ya uso inayowatenganisha.

Mzee anakuita jina la mwengine. Bibi anataja wajukuu wanne ndo anafika kwako. Usikasirike na usimcheke, majina ya watu wanaopendwa pamoja yamewekwa pamoja, na jirani yake ndo analochomoka nalo. Nenda ukaitike. Umri nao unayapunguza kasi majina kabla ya mambo mengine, hilo ni la kawaida. Isiyokuwa ya kawaida ni akipotea njia ya nyumbani kwake, au hamjui mwanawe, au anauliza jambo lile lile kila baada ya muda mfupi. Hapo mpelekeni kwa daktari, msiseme uzee tu.

Na umefanya yote haya miezi na sura zenyewe hazikai, hata jirani ukimkuta mtaa mwengine humjui mpaka aseme. Kuna watu wamezaliwa hivo, hali yenyewe inaitwa prosopagnosia, macho mazima na akili nzima ila uso wa mtu haushiki. Kama ndo wewe, waambie watu wako wa karibu mapema wajue huwapuuzi, na hatua ya 5 yote ihamishie kwenye sauti na mwendo. Ukisalimiwa ujibu kwa urefu, muache mwenzio azungumze, sauti itakwambia ni nani.